Tupa Ikila Panga, Je, Panga Ni Mbovu?

Katika skimu nyingi za makazi, chama cha ushirika kikitaka kununulia wanachama panga, mkutano huwa mrefu kuliko ule wa bei ya maziwa. Huyu husema panga njema zilikuwa zile za zamani zilizotoka Uingereza, na tangu hapo hakuna chuma tena duniani. Yule husema chuma cha kweli ni springi ya lori, basi na waende kwa fundi. Wa tatu, na mara nyingi huyo ni kijana aliyekaa mjini, husema habari za kutu zimepitwa na wakati, na tununue vyombo vya chuma kisichoshika kutu. Kila mmoja ana panga yake nyumbani ya kuwa shahidi, na hakuna amshindaye mwenzake. Mwisho karani huandika agizo kwa duka lenye bei ndogo, na baada ya mwezi mmoja malalamiko huanza.

Jambo hili si dogo. Mkulima wa skimu hushika panga kila siku ya mwaka. Hukatia ng'ombe nepia, hufyeka ua, huchanja kuni, hukata mahindi wakati wa kuvuna, na huko Muhoroni hukatia miwa. Panga mia mbili mbovu ni fedha za wanachama zilizotupwa, na panga ivunjikayo ncha wakati wa kazi yaweza kumtoa mtu jicho.

Maoni yangu ni haya. Wabishi hao watatu hugombania jina la chuma na mahali kilipotoka, hali nusu ya ubora wa kisu haimo katika jina wala katika nchi. Imo katika moto alioutumia mtengenezaji, na katika kazi ambayo wewe mwenyewe wataka kuifanya.

Kwanza tueleze chuma chenyewe. Chuma cha pua ni chuma kilichochanganyika na kaboni kidogo, yaani kitu kile kile kilichomo katika makaa. Kiasi chenyewe ni kidogo sana. Msumari na waya huwa na kaboni kama sehemu 2 katika kila 1,000, au pungufu. Panga na springi za magari huwa na sehemu 5 mpaka 7. Tupa huwa na sehemu 10 au zaidi. Msumari hata ukiupasha moto na kuuzamisha majini siku nzima hautakuwa kisu, kwa maana hauna kaboni ya kutosha kuugeuza. Lakini chuma chenye sehemu 6 kikipashwa moto mpaka kiwe chekundu kama nyanya iliyoiva, kisha kikazamishwa ghafula, huwa kigumu mno, hata chaweza kuvunjika kama kioo. Ndipo mhunzi hukipasha tena, mara hii kidogo tu, ili kipunguze ugumu na kupata unyumbufu. Kazi hiyo yote ya mara mbili, kuzamisha na kupasha tena, wazee wetu wa Kiswahili waliiita kutia matiko.

Basi vipande viwili vya chuma kimoja, kutoka springi moja, vyaweza kuwa panga mbili zisizofanana hata kidogo. Moja hujipinda makali ikigusa mti mkavu. Nyingine hubanduka meno. Chuma ni kile kile. Matiko ndiyo yaliyotofautiana. Mtu akikuambia, "Hii ni springi halisi," amekuambia nusu tu ya habari.

Sasa tuje kwenye imani moja ambayo nimeisikia karibu kila mahali, nayo hutia watu hasara. Mnunuzi huingia dukani na kipande cha tupa mfukoni, hukwangua makali ya panga, na akiona tupa imekula chuma huirudisha panga mezani kwa dharau. Husema, "Hii ni laini." Hutafuta ile ambayo tupa huteleza juu yake, hulipa, na kwenda zake akifurahi.

Ndugu mkulima, hebu fikiri. Panga hiyo utainoa kwa nini?

Wataalamu hupima ugumu wa chuma kwa kipimo kiitwacho Rockwell. Panga njema huwa kati ya 45 na 50 hivi. Kisu cha kawaida cha jikoni huwa kati ya 54 na 58. Tupa hupita 60. Panga imefanywa laini kuliko tupa kwa makusudi, ili mtu aliye shambani, mbali na kinoo na maji, aweze kuirudishia makali kwa mapigo machache ya tupa na kuendelea na kazi. Tena panga hupiga mawe, hupiga vifundo vya miti, hupiga hata waya wa ua uliofichika nyasini. Panga yenye ugumu wa tupa ingemeguka siku ya kwanza. Kwa hiyo tupa ikila panga kwa taabu kidogo, ikishika na kutoa unga mwembamba wa chuma, hiyo ndiyo alama ya panga nzuri. Ikila kama inavyokula msumari, iache. Na ikiteleza kabisa, iache pia, ijapokuwa muuzaji ataisifu sana.

Kupima huku kwataka mkono uliozoea. Ichukue panga yako ya nyumbani uliyoiridhia kwa miaka, ipige tupa, kisha upige msumari mnene, na mkono utajua tofauti. Baada ya hapo hutadanganywa kwa urahisi.

Panga za zamani

Wazee wanaozisifu panga za Uingereza hawasemi uongo. Viwanda vya Birmingham vilitengeneza panga kwa ajili ya Afrika na visiwa vya Karibi kwa miaka mingi, na vilijua kazi hiyo. Wengi watakumbuka chapa ya mamba. Chuma kilikuwa cha kiasi kile cha kaboni nilichotaja, na matiko yalikuwa sawasawa kutoka kipini mpaka ncha.

Lakini kuna jambo ambalo wazee hawaliweki katika hesabu. Panga za zamani zilizo mbovu hatuzioni leo, kwa sababu zilitupwa zamani hizo hizo. Iliyobaki ukutani ni ile njema peke yake, na kwa hiyo twadhani zote zilikuwa kama hiyo. Zaidi ya hayo, chapa ni mchoro tu. Mtu yeyote mwenye muhuri aweza kuupiga juu ya bati. Nimeona panga zenye mnyama mkali sana ubavuni ambazo zilikunjika katika kukata nepia. Leo panga huja kutoka nchi nyingi, na katika kila nchi wamo watengenezaji hodari na wamo wa haraka haraka. Kuikataa panga kwa sababu ya nchi ilikotoka ni kama kumkataa ng'ombe kwa sababu ya lango aliloingilia mnadani.

Springi na fundi

Juu ya springi ya lori nina maneno mengi zaidi, maana hapo ndipo penye faida na penye hatari kubwa kwetu.

Springi za bapa za magari, kwa desturi, ni chuma kizuri kweli. Nyingi zina kaboni kama sehemu 6 katika 1,000, na kromiamu kidogo ya kukisaidia chuma kushika matiko mpaka ndani. Kamukunji, Nairobi, na katika miji midogo mingi, mafundi wa jua kali hufua vitu vya kila namna, na wako ambao panga yao yaweza kushindana na ya kiwanda chochote. Simi nyingi za kienyeji zimefuliwa kwa springi na kwa tupa zilizokwisha kazi. Wala mtu asiseme kwamba Mwafrika amejifunza chuma juzi. Mwaka 1978 wataalamu wawili, Peter Schmidt na Donald Avery, walieleza katika jarida la Science jinsi Wahaya, walio magharibi ya Ziwa Victoria huko Tanzania, walivyoyeyusha chuma cha pua katika tanuri za udongo kwa kuupasha hewa moto kabla haijafika katikati ya tanuri. Mabaki ya tanuri za namna hiyo yaliyochimbuliwa huko yana umri wa miaka 1,500 mpaka 2,000.

Hatari ni hii. Springi ilikuwa na matiko yake kiwandani. Fundi anapoitia motoni ili aifue, matiko yale hufa yote. Akimaliza kufua na kuiacha panga ipoe yenyewe juu ya udongo, amekuuzia chuma kizuri kisichokuwa na ugumu wa kutosha. Akiitosa katika karai la maji na kukupa hivyo hivyo, amekuuzia kioo. Chuma cha springi hupenda mafuta kuliko maji. Maji hukipoza kwa haraka mno na kukipasua nyufa ambazo jicho halizioni. Tena baada ya kuzamishwa sharti kipashwe mara ya pili. Fundi ajuaye husugua ubavu wa panga mpaka ung'ae, kisha huipasha polepole na kutazama rangi: kwanza manjano ya majani makavu, kama kwenye digrii 230, kisha hudhurungi, kisha zambarau, kisha buluu, karibu na 300. Kisu kidogo cha kukata vitu laini hukiachia kwenye manjano. Panga huifikisha kwenye buluu.

Kwa hiyo ukienda kwa fundi, usimwulize tu, "Hii ni springi?" Hakuna fundi atakayesema si springi. Mwulize aliizamisha katika kitu gani, na baada ya hapo aliifanyia nini. Asiyeifanya kazi hiyo atacheka au atakasirika. Aifanyaye atakueleza mpaka uchoke. Waweza pia kumwomba aguse kipande cha chuma hicho kwenye mashine yake ya gurudumu. Chuma chenye kaboni ya kutosha hutoa cheche zinazopasuka na kutawanyika kama maua. Nondo na bati nene hutoa mistari mirefu isiyopasuka sana. Ukipima hivyo utakuta vitu vingi viitwavyo springi havikupata kuliona lori.

Jambo jingine juu ya springi: zile zinazouzwa kwa mafundi ni zile zilizochoka kwenye gari, na nyingine zina nyufa tangu huko. Fundi mwaminifu hukikata kipande chenye ufa na kukitupa. Hapo hakuna kipimo cha mnunuzi isipokuwa sifa ya fundi mwenyewe kwa majirani.

Chuma kisichoshika kutu

Chuma hiki kilianza kwa kutafutwa kitu kingine. Mwaka 1913 Harry Brearley wa mji wa Sheffield, Uingereza, alikuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki kisicholika upesi, akapata mchanganyiko wenye kromiamu nyingi, karibu sehemu 13 katika kila 100. Aliona hakishiki kutu kwa urahisi, akafikiri juu ya visu. Wahunzi wa visu wa mji huo, ambao hawakuwa wamejifunza bado kukitia matiko yake, walimcheka na kumwita mtu aliyevumbua visu visivyokata.

Maneno hayo bado yapo midomoni mwa wanaume wengi wa skimu, nao hukosea. Kisu kizuri cha namna hii, chenye kaboni ya kutosha na matiko ya haki, hukata vizuri na hudumu. Mahali pake ni jikoni, machinjioni na penye maziwa. Kisu cha chuma cha kawaida hugeuka cheusi kikikata ndimu au embe, na kikiachwa na maji usiku huamka na kutu. Akina mama wanaochagua kile kinachong'aa wana akili, na mzee asiwabishie mezani pake mwenyewe.

Ila si kila king'aacho ni kisu. Ziko aina za chuma kisichoshika kutu ambazo haziwezi kutiwa matiko hata kwa dawa, kama kile kinachofanyiwa vijiko bora na sufuria, chenye kromiamu sehemu 18 na nikeli 8. Wako wanaochonga visu kwa chuma cha aina hiyo. Hung'aa kama mwezi, na baada ya vitunguu kumi ni bapa tupu. Chukua sumaku ndogo, hata ile ya spika mbovu ya redio. Kisu ambacho sumaku haikishiki, kiache. Kikishikwa na sumaku hujawa na hakika bado, lakini umeziepa hasara nyingi.

Panga ya chuma kisichoshika kutu sioni kazi yake shambani. Bei yake ni kubwa, na kutu ya panga huondoka kwa tupa ile ile inayoinoa. Mafuta machache yaliyotolewa kwenye injini, yaliyopakwa kwa kitambaa baada ya kazi, hufanya kazi ya kromiamu yote hiyo. Ila panga ikatayo malisho au chakula uipake mafuta ya kula, si ya injini.

Moto unaoharibu

Nimesema matiko hutiwa kwa moto. Basi na moto huo huo huyaondoa, na hapa watu wengi huharibu visu vizuri kisha hulaumu kiwanda.

Mnoaji wa umeme huinua cheche nyingi na kumaliza kazi kwa dakika moja. Akikandamiza kisu chembamba juu ya gurudumu bila kukichovya majini, makali hupata moto kuliko ule wa matiko. Utaona mstari wa buluu ukingoni. Kisu cha jikoni kilichofika hapo kimekwisha kulegea mahali hapo, na hakitashika makali mpaka sehemu hiyo iliwe yote. Kinoo cha mkono na maji ni cha polepole, lakini hakijapata kuunguza kisu cha mtu yeyote.

Wakulima wa ndizi wana shida yao. Ugonjwa wa mnyauko wa bakteria, ulioonekana Uganda mwaka 2001 na baadaye ukaingia magharibi ya Kenya, huchukuliwa na panga kutoka mgomba mmoja hadi mwingine. Kwa hiyo wakulima hufundishwa kupitisha panga motoni au kuiosha kwa jiki, sehemu 1 kwa sehemu 5 za maji, kila watokapo kwenye mgomba. Wako wanaokataa moto wakisema unaua chuma. Kwa panga, hofu hiyo ni bure. Panga ilipashwa kiwandani au kwa fundi mpaka kwenye buluu au zaidi, na kuipitisha juu ya miali mpaka isishikike kwa mkono hakufikii hapo. Kosa ni kuilaza ndani ya makaa na kwenda kunywa chai. Lakini kisu kidogo cha kubebeshea miche, kilicho kigumu na chembamba, matiko yake ni ya moto mdogo. Hicho kisipelekwe motoni. Kioshwe kwa jiki, kisuuzwe na kukaushwa mara moja, kwa maana jiki hula chuma, hata kile kiitwacho kisichoshika kutu.

Turudi mkutanoni. Nashauri kamati isiagize panga mia mbili kwa neno la yeyote kati ya wale watatu. Wanunue panga moja ya kila aina iliyopendekezwa, ile ya kiwandani na ile ya fundi. Kwanza wapige tupa, kama nilivyoeleza. Kisha mtu aishike ncha kwenye ufa wa gogo na kuipinda kidogo, si kwa nguvu zote. Panga njema hurudi kuwa nyofu, mbovu hubaki imepinda. Halafu wakate mti mkavu wa muwati mapigo ishirini na kutazama makali kwenye mwanga. Yakiwa yamelala upande, chuma ni laini. Yakiwa na meno yaliyobanduka, ni kigumu mno. Wasisahau kutazama kipini na ribiti zake, maana panga iliyochomoka mkononi haijali imefanywa kwa chuma gani.

Zile zitakazopita wapewe wakata nepia wa kila siku, mwezi mmoja, pamoja na tupa moja, na waandike ni mara ngapi kwa wiki walilazimika kunoa. Karani asubiri karatasi hiyo kabla ya kuandika hundi.